Nimekosa UE (mitihani ya mwisho wa muhula) mbili, naandikaje barua ya kuomba special (mtihani maalumu)?

Mwana wa Mpwapwa: Habari za jioni wakuu. Nipo mwaka wa pili, chuo binafsi hapa Dodoma. Sikufanya UE za Takwimu na Uhasibu wiki iliyopita. CA zangu (alama za kazi za muhula) 27 na 24. Mwenye mfano wa barua ya special anisaidie, mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Usingizi sipati.

Mama Takwimu: Pole mdogo wangu. Mfano hautakusaidia kama hujataja sababu. Special hutolewa kwa ugonjwa, msiba au jambo zito lenye ushahidi, na ukifaulu unapewa daraja lako kamili. Sup (mtihani wa marudio) ni habari nyingine, vyuo vingi hata upate 80 unaandikiwa C. Piga hesabu: somo la uzito 12, B+ ina pointi 4, ni 12 × 4 = 48, C ina 2, ni 24. Umepoteza 24, kwa masomo mawili 48. Gawa kwa uzito wote wa miaka mitatu, 360, GPA (wastani wako) imeshuka 0.13. Aliyekuwa na 3.6 anabaki 3.47, keshatoka Upper Second (daraja la pili la juu), inayoanzia 3.5. Ulikosa kwa nini?

Mwana wa Mpwapwa: Sikuwa vizuri. Kuna zahanati karibu na ninapopanga, Chang'ombe, wanaweza kunipa karatasi yenye tarehe zile.

Kaka Masijala: "Wanaweza kunipa" maana yake hukutibiwa. Usithubutu. Ofisi ya mitihani ikitilia shaka inaiandikia zahanati, inataka namba ya faili na daftari la wagonjwa la siku ile. Jina lisipokuwemo, kesi inahamia nidhamu, na huko watu wanafukuzwa. Ulizuiwa mlangoni?

Mwana wa Mpwapwa: Ndiyo. Sikuwa na kibali cha mtihani, ada imebaki laki saba. Nilikuwa nayo, ila mwezi Juni nilinunua mahindi Kibaigwa, gunia kumi kwa elfu sabini sabini. Yako stoo. Siuzi sasa, Januari bei inapanda. Huu sio uzembe, ni hesabu.

Mkulima Kongwa: Gunia za kawaida au za kinga njaa, zile zisizopitisha hewa? Unyevu ulipimwa? Usizidi 13.5. Huna kipimo, ng'ata punje: ikipasuka kwa mlio imekauka, ikibonyea bado. Kama ni gunia za kawaida, changanya dawa ya unga gramu 100 kwa kila kilo 100, na kabla ya kuuza usome kwenye pakiti siku za kusubiri. Panga juu ya chaga, mbali na ukuta. Mdudu dumuzi, wengine wanamwita Skania, akiingia Agosti, Januari unauza maganda.

Jicho Kali: Subirini. Huyu alishukuru humu kwa kupata mkopo asilimia mia. Ada ya Bodi ya Mikopo inakwenda chuoni moja kwa moja, haipiti mkononi mwa mwanafunzi. Laki saba ya ada ilifikaje mkononi mwake? Mnatungiwa hadithi.

Mwana wa Mpwapwa: Situngi. Asilimia mia ni ya chakula na malazi, ada Bodi inalipa nusu. Laki saba alituma mama, aliuza ng'ombe. Hajui kama sijafanya mtihani.

Mama Takwimu: Hapo ndipo ulipotakiwa kuanzia. Sikiliza. Kesho asubuhi uza mahindi, hata kwa elfu sitini unapata laki sita. Lipa, kisha peleka risiti kwa mhasibu, uombe kwa maandishi kumalizia laki moja kwa awamu. Barua iende kwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, Taaluma, kupitia mkuu wa idara. Andika namba ya usajili, code za masomo, tarehe za mitihani, sababu yenyewe (ada), na uambatanishe risiti. Bila risiti barua hiyo inalala mezani. Chapisha nakala mbili, yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Wakikataa special, uliza kuhusu sup za Septemba, usiondoke bila jibu la maandishi. Wakikuahirishia mwaka, mwone afisa mikopo siku hiyohiyo, maana boom (hela ya kujikimu) inasimama. Na mama mpigie leo.

Mwana wa Mpwapwa: Nikisubiri wiki mbili tu bei itasogea.

Kaka Masijala: Ijumaa haisubiri wiki mbili.

Mwana wa Mpwapwa: Nimetoka stoo sasa hivi. Gunia mbili za chini zina unga mweupe sakafuni, na nikiweka sikio nasikia zinalia.

Mkulima Kongwa: Ndiye huyo dumuzi. Zitoe nje hizo mbili kabla ya kulala, usizichanganye na nane. Mnunuzi akifika mwonyeshe kwanza hizo mbovu.