Naombeni maana ya maneno haya ya mazingira, nina mkutano Ijumaa

Nahodha_Mchanga: Asalaam aleikum ndugu zangu. Nimepewa kazi ya kuwafasiria wageni kijijini kwetu huku Lamu, Ijumaa saa saba mchana. Karatasi yao ina tabianchi, bioanuwai, mfumo ikolojia, hewa ukaa na tathmini ya athari kwa mazingira. Shule niliishia kidato cha pili. Tangu juzi silali. Nipeni maana nyepesi, wazee wasinicheke.

Bibi_wa_Langoni: Waleikum salaam mwanangu. Tabianchi usiichanganye na hali ya hewa. Hali ya hewa ndiyo inayokuamulia leo uende baharini au ulale. Tabianchi ni mwenendo wake wa muda mrefu, wataalamu hupiga hesabu ya miaka 30. Upepo wa kusi ukichelewa mwaka mmoja si hoja.

Mkata_Boriti: Hewa ukaa! Marehemu baba alidhani ni hewa ya kukaa, akavuta kiti. Ni ile iliyomo kwenye moshi wa kuni na jenereta, hata pumzi yetu inayo. Mikoko huivuta na kuifungia matopeni. Gazi kule Kwale wanauza kazi hiyo ya mikoko yao tangu 2013, yaani wanalipwa kwa hewa ukaa inayofungiwa. Na mimi nimekata boriti na mazio, miti ya mikoko ya kujengea, miaka kumi na mbili, maji kiunoni, mbu wa kutosha kubeba mtu, sijapata kitu ila mgongo usioinama.

Fundi_Mtepe: Bioanuwai ni wingi wa aina za viumbe. Mikoko peke yake Kenya ina aina 9: mkoko wenyewe, mchu, mlilana, mkomafi, mkandaa... Mfumo ikolojia ni wote hao wanavyotegemeana. Ng'oa mizizi, kamba wadogo wakose pa kujificha, kesho wavu wako urudi mtupu. Lakini wageni gani hao?

Nahodha_Mchanga: Wageni tu wa maendeleo.

Fundi_Mtepe: Tathmini haitajwi bure. Wanajenga nini?

Nahodha_Mchanga: Jeti ya hoteli, gati la boti. Mikoko kidogo itaondoka. Nusu ya pesa wameshanipa na nimeshanunua mashine ya boti. Karatasi ya kwanza nilishaifasiri, penye "kufyeka mikoko" nikaandika "kusafisha ufuo". Ni kulainisha tu. Nina watoto jamani.

Ustadh_Mtandaoni: Neno la mtu ni amana. Ukiligeuza ni khiyana, hata uliite kulainisha.

Kobe_Mkavu: Mnapoteza bando. Uzi wa kutunga huu! Ijumaa saa saba, Lamu, nani atakuwa mkutanoni? Hata paka wako mlangoni mwa msikiti. Mtunzi ni wa bara.

Nahodha_Mchanga: Wallahi situngi. Saa wamepanga wao. Niliuliza, wakasema mkubwa wao hana nafasi nyingine.

Bibi_wa_Langoni: Ahaa. Sasa nakuamini, na ndiyo mbaya zaidi. Tathmini ni kupima madhara kabla jembe halijagusa ardhi, na wenyeji wasikizwe. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, hapa hapa Lamu, megawati 1,050, leseni yake ilifutwa Juni 2019 kwa sababu hiyo mojawapo: umma haukushirikishwa ipasavyo. Wewe umeajiriwa kufasiria viti vitupu.

Nahodha_Mchanga: Nikikataa wataleta mwingine.

Mkata_Boriti: Hiyo mashine farasi ngapi?

Nahodha_Mchanga: Kumi na tano. Kwa nini?

Mkata_Boriti: Nauliza tu. Ukiamua kurudisha pesa za watu, shemeji yangu anatafuta.