Mtaalamu wa intakomu wa jengo letu kanijibu "hatununui" mbele ya mama mkwe!!!

Mpangaji Mwenye Hasira:

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, mkiona herufi zimeruka mnivumilie. Hata viatu sijavua.

Mnamjua. Wala simtaji, hana haja ya kutajwa, kila jengo linaye. Yule aliyesimama kwenye kikao cha wakazi akasema "ya nini kumlipa fundi, hiki kidude nakiseti mwenyewe kabla jua halijazama". Yule wa bisibisi mfukoni mwa shati, hata akienda msibani anayo. Watu wakampigia makofi. Akakabidhiwa intakomu, ile paneli ya mlangoni ya kumpigia mwenye nyumba, yenye kamera, skrini na vitufe, akakabidhiwa na nywila ya usimamizi. Tangu siku hiyo anatembea kifua mbele, utadhani mlango kauzaa yeye.

Sasa sikieni. Leo nimefika mlangoni na mama mkwe. Mikono imejaa mabegi yake, kadi yangu ya mlango iko mfuko wa ndani kabisa. Nikajiambia hakuna shida, mke wangu yupo ndani. Nikabonyeza namba ya nyumba yangu kwa kiwiko. Ikaita. Ikaita. Ikapokelewa.

Sauti ya kiume.

Nyumbani kwangu. Sauti ya kiume! Ikasema: "Leo hatununui." Ikakata.

HATUNUNUI.

Mama mkwe akanigeukia polepole: "Baba, ni hapa kweli?" Nikasema ndipo, mama, mtandao tu huo. Nikabonyeza tena. Safari hii sauti ikapanda, na spika ya paneli alishaiweka juu mpaka mwisho, barabara nzima inasikia: "Mzee, nimeshasema hatununui. Jaribu jengo la pili."

Mzee! Jengo la pili! Naishi hapa! Nalipa kodi hapa! Kuna mtu alikuwa anapita na mbwa, mbwa mwenyewe kasimama kunitazama.

Baadaye bwana mkubwa akashuka kwa ndala, anatafuna kitu. Maelezo yake: ili kuokoa muda aliseti skrini ya intakomu iliyo ndani kwake, akanakili mipangilio yote, akaimwaga kwenye skrini za nyumba zingine. Yote! Pamoja na anwani ya mtandao! Kwa hiyo skrini yangu, yako na ya bibi wa juu zote zinajiita nyumba ya kwake. Nikamuuliza, sawa, na "hatununui" imetoka wapi? Akasema jua lilikuwa nyuma yetu, kwenye kamera tulikuwa vivuli vyeusi, akaona mabegi tu. Nikamwambia kuna mpangilio wa kusawazisha mwanga unaotoka nyuma, upo kwenye menyu ya kamera. Akasema, "Ahaa, ule nimeuzima, unaharibu rangi."

Unaharibu rangi!

Bado sijamaliza. Kitasa kakiwekea sekunde moja. Ukifunguliwa kinalia grr, ukifika kimeshafunga. Saa ya paneli hajaiseti, kila picha ya mgeni inahifadhiwa na tarehe 1/1/1970. Yaani kwa kumbukumbu za jengo, mama mkwe wangu alifukuzwa mlangoni mwaka 1970, kabla mke wangu hajazaliwa.

Hatununui. Mbele ya mama mkwe. Naomba mawazo, ila sitaki ya busara.

Mzizi wa Mbuyu:
"Jaribu jengo la pili." Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

Kiti cha Mbele:
Nimeshakaa. Endeleeni.

Dada wa Ghorofa ya Tatu:
Mkuu, pole, lakini ulivaaje? Maana sisi wengine tunabeba mabegi kila siku na hatujawahi kuitwa wachuuzi.

Mpangaji Mwenye Hasira:
Nilivaa shati limepigwa pasi! Na viatu vya kufunga kamba! Tusitoke kwenye mada, mtu kaniambia HATUNUNUI kupitia kitufe cha nyumba yangu.

Chai Kavu:
Hii chai. Mwanamume kapokea nyumbani kwako, wewe unatuletea habari za anwani za skrini. Kaa na shemeji mzungumze, intakomu msiisingizie.

Mpangaji Mwenye Hasira:
Na mama mkwe naye kasema hivyohivyo. Ndiyo maana nina hasira.

Fundi Waya:
Nawasalimu wote. Jamaa hajadanganya. Kwenye mfumo wa IP, yaani unaopita kwenye mtandao kama kompyuta, kila skrini lazima iwe na anwani yake peke yake. Zikigongana, simu inamwangukia atakayewahi kuitika, leo huyu, kesho yule. Dawa yake siyo kubwa: anaingia kwenye kila skrini, anaipa anwani yake na namba ya nyumba, kisha kwenye paneli anaoanisha kila kitufe na nyumba husika. Kabla ya kuondoka anapiga nyumba moja moja huku mtu akiwa ndani. Na sekunde moja ya kitasa ni uonevu, weka hata tano, mwenye mizigo apite. Saa aiunganishe na seva ya muda kwenye mtandao, itajirekebisha yenyewe.

Halafu muulizeni kama alibadilisha nywila iliyokuja na kifaa kutoka kiwandani.

Mpangaji Mwenye Hasira:
Nimemuuliza sasa hivi kwenye kundi la wakazi. Kajibu: "Ya nini kubadilisha, nitaisahau."

Mzizi wa Mbuyu:
😂😂😂 Wa kwenu ni pacha wa wa kwetu.

Bi Mashaka:
Mshukuru Mungu, mwenzangu, wewe umeambiwa hamnunui. Sisi mlango wetu ni wa sumaku, na wa kwetu (mnamjua pia) aliunganisha nyaya kinyume kwenye rilei, ile swichi inayowasha na kuzima umeme wa kitasa. Sumaku inataka umeme muda wote ndipo ishike. Yeye kaiweka upande ambao umeme unapita mtu akibonyeza tu. Mlango ulikuwa wazi mchana kutwa na usiku kucha, ukibonyeza "fungua" ndipo unajifunga. Wageni wakawa wanabonyeza kistaarabu huku wanajifungia nje.

Fundi Waya:
Hilo nimelikuta mara nyingi. Sumaku ipitie mguso wa rilei uliofungwa kwa kawaida, yaani unaopitisha umeme kabla hujabonyeza, siyo ulio wazi. Na mjue, umeme ukikatika sumaku inaachia, mlango unabaki wazi mpaka muwe na betri. Kuna vitasa vya umeme vya kinyume chake, umeme ukiondoka vinabaki vimefunga kwa wa nje, ila wa ndani lazima aweze kutoka kwa mkono. Hapo hakuna mjadala, moto ukitokea hakuna wa kutafuta kitufe.

Kichwa Ngumu:
Fundi, simu yangu ya mkononi inapokea intakomu, picha naiona, tunaongea vizuri, ila nikibonyeza alama ya reli (#) mlango haufunguki. Mgeni anasikia tu "tiii" sikioni.

Fundi Waya:
Paneli inasubiri alama nyingine, labda nyota au sifuri. Au ile milio inatumwa ndani ya sauti wakati paneli inaitaka kama ujumbe wa pembeni. Pande zote mbili ziwekwe njia moja.

Kichwa Ngumu:
Mlio ndani ya sauti, ujumbe wa pembeni... mimi nilitaka kufungua mlango tu.

Mpangaji Mwenye Hasira:
Jamani mimi niliambiwa HATUNUNUI. Mwenye hoja juu ya hilo?

Dada wa Ghorofa ya Tatu:
Kwani mlikuwa mnauza nini?

Chai Kavu:
😂😂

Mlinda Ngazi:
Nyie mnalia na vitufe. Kwetu wameweka namba ya siri ya mlango mmoja kwa jengo zima, na namba yenyewe ni 1234. Waleta vifurushi wote wanayo. Mpangaji aliyehama zamani bado anaingia kuja kusalimia.

Bi Mashaka:
Na zile kadi za kugusisha! Fundi, ni kweli zinanakiliwa?

Fundi Waya:
Zile za zamani za masafa ya kilohezi 125, nyingi zinatoa namba yake kwa yeyote anayeisogezea kifaa. Kunakili ni kazi ya dakika. Chukueni zenye usimbaji wa kisasa, na kadi ikipotea ifutwe siku hiyohiyo. Msimalizie kwa "tutafuta mwisho wa mwezi".

Mlinda Ngazi:
Kwetu zinafutwa mtu akifa. Na hapo pia ni kwa kuulizia.

Kiti cha Mbele:
Mkishamaliza milango tuje kwenye lifti. Kuna mtu jengo letu anabonyeza juu na chini kwa pamoja. Lifti inasimama, inafungua, hapandi, eti inaelekea kusiko. Wote tuliomo ndani tunabaki tunamtazama.

Kichwa Ngumu:
Ukibonyeza vyote inakuja haraka.

Kiti cha Mbele:
KUMBE NI WEWE.

Kichwa Ngumu:
Sijasema ni mimi. Nimesema inakuja haraka.

Fundi Waya:
Inakuja, ndiyo, ila inakuja ya upande usiotaka. Unaongeza kituo, unawachelewesha wenzako na wewe mwenyewe unasubiri ile ya pili.

Dada wa Ghorofa ya Tatu:
Afadhali huyo. Kuna anayezuia mlango wa lifti kwa mguu huku anamalizia maongezi ya simu. Na akikuona unapumua kwa nguvu anakwambia "dakika moja, dada".

Mpangaji Mwenye Hasira:
Wakuu, turudi kwenye mada. Mama mkwe anauliza kesho akitoka kidogo atarudije ndani.

Bi Mashaka:
Subiri kwanza, mkuu. Huyo wa mguu mlangoni, ana viatu vyeupe?

Dada wa Ghorofa ya Tatu:
Vyeupe, soli nene.

Bi Mashaka:
Tunakaa jengo moja, dada. Njoo inboksi.