Mpima ardhi anayetaka kuwa wakili, naombeni ushauri

Habari zenu wakuu. Nina miaka 38, mpima ardhi hapa Dodoma, kampuni binafsi, mke na watoto wawili.

Mwaka jana niliitwa kutoa ushahidi Baraza la Ardhi na Nyumba. Kesi yenyewe ilikuwa ya bikoni (alama ya mpaka wa kiwanja) iliyong'olewa. Wakili alishika ramani yangu juu chini, akaniuliza maswali nusu saa bila kugundua. Tangu siku hiyo sheria imenikaa kichwani.

Nafikiria kusoma LLB (shahada ya kwanza ya sheria) Chuo Kikuu Huria huku nikiendelea na kazi. Hapo sina hofu sana, japo wiki nyingine niko porini na GPS na mtandao hamna. Kinachoninyima usingizi ni Law School kule Dar, mafunzo ya vitendo ya uwakili baada ya LLB: takriban mwaka mzima, ada, chumba, na mshahara umekata. Mwajiri hajaniahidi likizo, na mama watoto ananiambia "baba, fikiria ada za watoto kwanza".

Waliopita njia hii mkiwa na familia, mlijipangaje mwaka ule? Na wakuu mlio mahakamani, ujuzi wa upimaji una soko kwenye kesi za ardhi, au nitaanza kama kijana wa miaka 24?