Sheria mpya ya kero inaweza kunitoa kwenye nyumba badala ya kuitoa klabu. Niunge mkono au nipinge?

Mkesha_Hoi (mleta uzi):
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, hasa wenye uzoefu wa vikao vya madiwani na mambo ya upangaji.

Nimepanga ghorofa ya kwanza. Chini yetu palikuwa na mgahawa uliofungwa mapema. Mwaka jana ukageuzwa klabu, na sasa Ijumaa mpaka Jumapili ni muziki hadi alfajiri. Maneno ya nyimbo wala siyasikii. Tatizo ni besi. Inapanda na nguzo za jengo, inaingilia miguu ya kitanda. Ukiweka glasi ya maji mezani unaona viduara vinacheza juu yake. Mama yangu, ambaye ana presha, ameshahamishia godoro jikoni, maana huko kuna afadhali kidogo.

Polisi tumeshawaita mara kadhaa. Wakifika muziki unashushwa, wakikata kona unapandishwa.

Sasa halmashauri inaleta sheria ndogo ya kero: jengo likiitiwa polisi mara nne ndani ya miezi sita, mmiliki anapigwa faini, akirudia ananyang'anywa kibali cha kupangisha. Nilishangilia. Kumbe mwenye nyumba, ambaye ndiye huyohuyo aliyeipangisha klabu, kabandika karatasi ngazini: "Mpangaji atakayeleta polisi hapa atafute pa kwenda."

Kikao cha kusikiliza wananchi ni mwezi ujao. Nikaseme nini?

KobeMzee:
Hama mkuu. Klabu ina hela, wewe una usingizi tu.

Mkesha_Hoi:
Kuhama ni rahisi kuandika.

Wakili_Msomaji:
Usishangilie bado. Soma yaliyotokea Norristown, mji wa jimbo la Pennsylvania, Marekani. Sheria yao ilisema polisi wakiitwa mara tatu ndani ya miezi minne kwa sababu ya fujo, mwenye nyumba anabanwa amtoe mpangaji. Kuna mama alikuwa akipigwa na mwanamume wake wa zamani. Akawa anaogopa kupiga simu asije akapoteza nyumba. Mwaka 2012 akachomwa shingoni na kioo kilichovunjika, jirani ndiye aliyeita msaada, na bado mji ukataka atolewe! Kesi ilifunguliwa 2013, mwaka uliofuata mji ukaifuta sheria na kumlipa fidia.

Mwaka 2016 wizara ya nyumba ya huko ikatoa mwongozo kwamba sheria za kero za aina hii zinaweza kuvunja ile sheria ya haki ya makazi ya 1968, kwa sababu maumivu yake huwaangukia zaidi wanawake na makundi yaliyokwisha kubaguliwa. Ubovu uko kwenye hesabu yenyewe. Inahesabu simu, haihesabu kosa. Aliyempiga mwenzake na aliyepigwa wanaandikwa kwenye daftari moja.

NinaNyumbaMbili:
Mtanipopoa, lakini ngoja niseme ukweli. Mimi ni mwenye nyumba. Sheria kama hiyo ilipopita kwetu nilianza kuchagua wapangaji kwa macho. Vijana watatu pamoja, hapana. Mama mwenye watoto wadogo na mume asiyeeleweka, "chumba kimeshachukuliwa." Sijivunii. Ila halmashauri ikinifanya polisi wa wapangaji, ndivyo nitakavyofanya, na wenzangu wengi wanafanya hivyo kimyakimya.

Mkesha_Hoi:
Umenichoma. Kuna nyumba juu yetu wanagombana, na si ugomvi wa maneno tu. Juzi tulisikia kishindo. Zamani mtu angepiga simu. Tangu ile karatasi ibandikwe hakuna aliyepiga. Hata mimi sikupiga.

FundiSpika:
Niwaachie sheria wenye sheria, nije kwenye besi. Wakaguzi wengi wanapima kwa mizani A, ambayo huzipunguza sauti nzito kwenye hesabu. Ndiyo maana afisa anasimama barabarani na kifaa chake, anakwambia klabu iko ndani ya kiwango, huku kioo chako cha bafuni kinatetemeka. Dai wapime na kwa mizani C, isiyozipunguza sana sauti hizo nzito, chumbani kwako, dirisha likiwa limefungwa. Kwa kumbukumbu tu, mwaka 2009 ofisi ya Ulaya ya Shirika la Afya Duniani ilipendekeza wastani wa kelele za usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40.

Na tiba ipo. Spika za besi zisikae juu ya sakafu tupu wala zisifungwe ukutani, ziwekewe mpira mzito au springi chini. Pia kifungwe kifaa cha kuzuia sauti isivuke kiwango, na ufunguo wake asiwe nao DJ. Hapo ndipo huwa pananoga, maana kila DJ anajua "nipandishe kidogo tu."

Bawabu_Mstaafu:
Nimesimama milango ya klabu miaka mingi, na sipendi watu wahamie jirani na klabu kongwe kisha waanze kulia. Mpango wa jiji la London wa 2021 umeliweka vizuri: aliyeleta mabadiliko ndiye abebe gharama. Ukijenga fleti ubavuni mwa klabu, vioo vizito ni juu yako. Ila kwenu klabu ndiyo iliyokuja baadaye, kwa hiyo mzigo ni wake. Ulizia kibali cha kugeuza mgahawa kuwa klabu. Kilitolewa lini, na majirani mlitangaziwa?

Wakili_Msomaji:
Naunga mkono. Kikaoni usiseme "naunga" wala "napinga". Omba adhabu ifuate leseni ya biashara inayopiga kelele badala ya jengo zima, na kiwekwe kifungu kwamba simu ya anayeomba msaada haihesabiwi na wala haiwezi kuwa sababu ya kumtoa mtu. Ile karatasi ya ngazini ipige picha leo, tarehe ionekane. Na andika kila usiku: saa ngapi imeanza, saa ngapi imekoma, nani aliamka.

Mkesha_Hoi:
Mrejesho, wakuu. Picha nilipiga juzi, jana karatasi ikabanduliwa. Majirani 6 wamekubali kuandika nami, mmoja kwa sharti jina lake lisisomwe kikaoni. Nilipanda pia kugonga ule mlango wa juu. Alifungua kidogo, akachukua namba yangu, akafunga.

Leo Ijumaa. Saa nne kasoro robo, na maji kwenye glasi yameshaanza kucheza. Naandika.