Kijana wetu mwenye ulemavu wa akili anakaribia miaka 18: tuandae nini?

Mama, Kibosho
Wazazi wenzangu, heshima kwenu. Kijana wetu ana miaka 15 na anasoma katika kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi hapa Moshi. Anavaa mwenyewe, anachota maji na kulisha mbuzi bila kusimamiwa, lakini fedha hazijui na hawezi kumtambua anayemdanganya. Mzee wangu amekwishavuka miaka 60, na kila tunapouliza ndani ya ukoo itakuwaje tukifariki, tunajibiwa kwamba ndugu zake wapo. Jibu hilo halinitoshi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumtaja ndugu huyo kwa jina. Mliotutangulia, mlianza na lipi, na kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, mlikifanyaje?

Baba, Machame
Mama, sisi tulianza na wosia, kwa sababu pasipo maandishi ukoo ndio utakaogawa, na kwa desturi yetu Wachagga nyumba ya wazazi huangukia kitindamimba wa kiume, awe na moyo wa kulea au asiwe nao. Kwa taratibu za kimila, wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wasiopungua wawili kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, na unaweza kuhifadhiwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Ninalolisisitiza kuliko yote ni kwamba anayesimamia mali asiwe yule yule anayeishi na kijana. Mtu mmoja akishika yote mawili, hakuna atakayejua kahawa imeuzwa lini wala fedha zimekwenda wapi.

Mwalimu wa elimu maalumu, Arusha
Naungana na Baba, ila wosia haumfundishi kijana kuishi. Kulisha mbuzi ni kazi kamili. Mwongezeeni kuku, kisha auze mayai kwa jirani mmoja mnayemwamini, kwa bei isiyobadilika, hadi aizoee noti moja kabla ya nyingine. Mwelezeni pia kwa maneno ya wazi ni nani haruhusiwi kumgusa na wapi, maana wazazi wengi hulikwepa hili na vijana wetu huumizwa. Akifikisha miaka 18 aandikishwe NIDA apate kitambulisho cha taifa. Muulizeni pia afisa maendeleo ya jamii kuhusu mikopo isiyo na riba ya halmashauri, ambayo asilimia 2 ya mapato ya ndani hutengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu.

Dada, Usa River
Mimi ndiye yule "ndugu yupo". Wazazi wangu walitarajia nimchukue kaka yangu, nami nitamchukua kwa moyo wote, lakini walilisema nikiwa nimekwisha kuolewa, na mume wangu alilisikia mara ya kwanza msibani. Mama, waite watoto wako sasa, kila mmoja aseme anachoweza, na anayekataa asichukiwe, kwani kukataa leo ni afadhali kuliko kukubali kwa aibu. Kijana naye aulizwe. Wetu alimtaja shangazi, ambaye hakuna aliyekuwa amemfikiria.

Mama, Kibosho
Asanteni sana. Watoto tutawaita Pasaka, wakiwa wote nyumbani. Dada, mlimuulizaje? Wangu hukubali kila anachoambiwa.

Dada, Usa River
Hatukumuuliza swali la ndiyo au hapana, Mama. Alikaa kwa kila mmoja wetu majuma kadhaa, tukaangalia ni wapi anakula na kulala vizuri, na ni wapi anaanza kufunga begi lake mapema.