MREJESHO: Mswisi aliye Dar na kura ya maoni ya kwao

Niliuliza Mswisi anayeishi Dar anapigaje kura ya maoni ya Uswisi. Asanteni wakuu, imeeleweka. Anajisajili kupitia ubalozi aingizwe kwenye daftari la wapiga kura, kisha makaratasi yanamfuata kwa posta.

Mtego uko kwenye bahasha. Kwa kawaida karatasi ya kura inaingia kwenye bahasha yake ndogo na kufungwa. Kadi ya mpiga kura inabaki nje ya hiyo ndogo, na sehemu nyingi za Uswisi lazima isainiwe. Huko bila saini, kura imeharibika, hata ubishane grupuni wiki nzima. Muhuri wa posta haukuokoi: kinachohesabiwa ni siku bahasha inapofika kule. Na ukibadili S.L.P. toa taarifa, makaratasi yakirudi mara 3 mfululizo, unafutwa daftarini.