Sakafu ya laminate imeinuka katikati ya chumba

Swali: Habari zenu mafundi. Nilitandika sakafu ya laminate (mbao nyembamba za kiwandani zinazofungana zenyewe) mwezi uliopita, na sasa mbao zimeinuka katikati ya chumba. Nilikosea wapi?

Jibu la 1: Ndugu, bandua ubao wa pembeni, ule unaofunika ukingo wa sakafu chini ya ukuta, uangalie kama uliacha nafasi ya milimita 8 hadi 10 kuzunguka kuta zote, kwani mbao hutanuka kwa unyevunyevu, na zikikosa pa kwenda hupanda juu.

Jibu la 2: Naongezea kwamba pakiti za mbao hizo hulazwa chumbani humo kwa saa 48 kabla ya kufunguliwa. Tena usigonge ubao kwa nyundo moja kwa moja. Weka kipande cha mbao katikati, maana ulimi (ukingo uliochomoza unaoingia kwenye ubao wa jirani) ukivunjika kiungo hakifungi tena.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nimebandua, na hata karatasi haipenyi ukutani. Nitakata kingo.